Ndege hii ni ya nani? Stika ndogo za Area 23 na safari ya Mzee kurudi Lubumbashi

NILIKUWA nabandika jina la kanisa kwenye kioo cha nyuma cha basi dogo, hapa Area 23 jijini Lilongwe, Mzee mmoja aliposimama nyuma yangu akiwa na mfuko wa nailoni mkononi. Hakusema neno mpaka nilipomaliza herufi ya mwisho na kubandua karatasi ya juu.

"Wewe ndiye fundi wa stika anayesema Kiswahili?" aliuliza.

Nikamwitikia na kumpa shikamoo. Akaitika kwa kicheko, maana kwao Katanga, aliniambia, salamu hiyo wanaisikia kwa Watanzania tu. Kisha akaweka mfuko wake juu ya meza yangu, polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaopita Kasumulu na Songwe wanaifahamu kazi yangu. Nachukua rola za stika Kariakoo, napita Mbeya, Karonga na Mzuzu hadi Lilongwe. Hapa Area 23 nina meza, kompyuta, printa na mashine ya kukatia. Nakata majina ya maduka, mistari ya mabasi na namba za simu za vijana wa kabaza, yaani baiskeli na pikipiki za abiria.

Kazi aliyoileta Mzee sikuwahi kuletewa tangu nianze biashara hii.

Boksi la kaunjika

Ndani ya mfuko mlikuwa na boksi la karatasi ngumu lililofifia rangi. Juu yake palichorwa ndege ya kivita yenye mabawa ya pembetatu. Mzee alikuwa amelipata kwenye mitumba, ambayo wenyeji hapa huiita kaunjika, katikati ya midoli na viatu vya watoto. Muuzaji hakujua ni kitu gani, akamwachia kwa bei ya kofia.

Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu zake: mabawa, kiti cha rubani, magurudumu madogo kama punje za mtama. Ukiviunganisha kwa gundi unapata ndege aina ya Mirage 5, iliyopunguzwa mara 72. Ndege halisi ina upana wa mita 8.22 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Hii ya plastiki inakuwa na sentimita 11 na kitu. Inakaa kwenye kiganja.

Chini kabisa palikuwa na karatasi ndogo ya alama za kubandika. Duara jeusi katikati, likazungukwa na njano, kisha nyekundu. Mzee akaiinua, akaitazama kwa mbali.

"Babeleji tena?" akasema, akacheka.

Kweli zilikuwa alama za Ubelgiji. Nchi hiyo ilinunua zaidi ya Mirage 5 mia moja. Lakini katikati ya miaka ya 1970 Zaire ya Rais Mobutu nayo ilinunua ndege za aina hiyo kutoka Ufaransa. Mzee, ambaye alizaliwa Katanga kabla ya uhuru wa mwaka 1960, aliniambia kwamba ujana wake aliutumia kwenye base ya Kamina, akibeba zana za mafundi na kufuta mafuta chini ya matumbo ya ndege hizo. Base yenyewe ilijengwa na Wabelgiji.

"Miye sikutumikia Babeleji," alisema. "Uniwekee Zaire."

Nilipomuuliza ya nini, alisema amezeeka na anarudi Lubumbashi kwa binti yake. Vyeti vyake vya kazi vilipotea katika kukimbia. Wajukuu wanaomsubiri wamesikia tu kwamba babu yao alikuwa mkimbizi Malawi. Alitaka waione na kazi aliyoifanya kabla ya hapo.

Stika ya maji ni kitu gani?

Msomaji ambaye hajawahi kuiona asidhani ni stika hizi za kubandua na kugandisha. Wenye kazi yao huziita dekali. Alama huchapwa juu ya utando mwembamba sana uliowekwa kwenye karatasi yenye gundi inayoyeyuka majini. Unakata alama yako, unaichovya kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika hivi, unasubiri gundi ilegee, kisha unauteleza ule utando kutoka kwenye karatasi mpaka juu ya ndege. Ukikauka unakuwa kama rangi iliyopakwa.

Kwa kuwa sikujua vizuri, nilianza na kosa. Nilikata alama moja ya Ubelgiji nijaribu, nikaitia majini. Ilipasuka vipande vipande kama ganda la yai. Utando wa zamani hukakamaa na kugeuka njano, na ukikutana na maji hauna nguvu tena. Baadaye nilisoma kwamba mtu mwenye karatasi kuukuu huipaka kwanza vanishi nyembamba, ikauke, ndipo aitie majini. Ile njano nayo hupungua ukiibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha ipigwe na jua siku kadhaa.

Huko Ulaya, Marekani na Japani jambo hili ni biashara kamili. Kampuni inayouza boksi la ndege huweka ndani alama za nchi mbili au tatu tu. Lakini wanunuzi wengine wanataka ndege ya nchi yao, au ya kikosi alichohudumu baba yao. Hapo ndipo zinapoingia kampuni nyingine ambazo hazitengenezi ndege hata moja. Kazi yao ni kuchapa stika za ziada. Microscale iko Marekani, Xtradecal iko Uingereza, Print Scale iko Ukraine. Cartograf ya Italia huchapia kampuni nyingi za wengine.

Chukua mfano wa MiG-21 ya Kirusi. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000 na zikarushwa na makumi ya nchi, ikiwemo Uganda ya Idi Amin. Tanzania nayo imerusha ndege za ukoo huohuo zilizotengenezwa China. Plastiki ya boksi moja inaweza kuwa ya Urusi, ya India, ya Misri au ya Uganda. Kinachoamua ni karatasi ya stika yenye ukubwa wa bahasha.

Tatizo letu watu wa ukanda huu ni kwamba katika orodha za kampuni hizo nchi zetu ni chache. Anayetaka Zaire hana budi kujichapia mwenyewe.

Alama zilianza kwa sababu ya hofu

Kabla sijaanza kuchapa nilitaka kujua kwa nini ndege za kivita hupakwa alama hizi. Nilichokikuta kilinirudisha nyumbani.

Ufaransa ndiyo iliyotangulia, mwaka 1912, kupaka duara la rangi za bendera yake kwenye mabawa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walipaka bendera yao. Lakini kwa mtu aliye chini, msalaba wa bendera hiyo ulifanana na msalaba wa Wajerumani, na askari wakawa wanazifyatulia risasi ndege za upande wao wenyewe. Kabla mwaka haujaisha Waingereza waliiga duara la Wafaransa, wakageuza mpangilio wa rangi: nyekundu katikati, buluu nje.

Mwaka 1942 jambo hilo lilijirudia huko Asia na Pasifiki. Alama ya Japani ni duara jekundu. Wamarekani wakafuta kidoti chekundu kilichokuwa katikati ya nyota yao, na Waingereza waliokuwa wakipigana upande huo wakaiondoa nyekundu yao pia, ili wasipigwe na wenzao.

Hata ziwani kwetu vita vya ndege vilifika mapema. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini karibu na mji ambao leo ni Kalemie, wakavuka Ziwa Tanganyika na kuishambulia Kigoma. Walichokitafuta hasa ni meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka huohuo wasije wakanyang'anywa. Iliibuliwa mwaka 1924 na kuanza kazi upya mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wafanyabiashara wa dagaa na mawese waliopanda meli hiyo, wajue waliyapanda mabaki ya vita vya ndege.

Lakini kilichonishika zaidi ni cha Musoma, maana ndiko nilikokulia.

Mwaka 1978 nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Majeshi ya Amin yalikuwa yameingia Kagera, na kila mtu mzima pale mjini alikuwa akitazama juu. Nakumbuka mishindo, na shangazi yangu akitusukuma chini ya kitanda. Tulishangilia kule chini ya kitanda, tukidhani adui ameanguka.

Jioni wakubwa walikaa kimya. Ndege tatu zilizodunguliwa zilikuwa zetu. Makombora ya jeshi letu wenyewe yalizipiga kwa kudhaniwa ni za Amin. Pande zote mbili zilikuwa na ndege za ukoo wa MiG, na katika mwendo ule na hofu ile hakuna aliyewahi kuona bawa limeandikwa nini.

Kwa hiyo Mzee aliponiomba nimwekee alama sahihi, sikuona kwamba ni mchezo wa watoto.

Kazi yenyewe

Tuliweka sharti moja. Tutatumia picha za Mirage za Zaire zinazopatikana kwenye intaneti pamoja na kumbukumbu ya Mzee. Kitu ambacho hakionekani kwenye picha na yeye hakikumbuki, hakiwekwi.

Bendera haikuwa na ubishi. Bendera ya Zaire ilitumika kuanzia mwaka 1971 hadi 1997: uwanja wa kijani, duara la njano katikati, na ndani yake mkono ulioshika mwenge wenye moto mwekundu. Alama za mabawa na namba tulizifuata kwenye picha, tukipima kwa hesabu nyepesi. Sentimita 72 za ndege halisi ni sentimita moja kwenye plastiki. Herufi yenye kimo cha sentimita 30 inakuwa milimita nne. Mkono na mwenge ulitoka mdogo kuliko punje ya mchele.

Karatasi za kuchapia niliagiza kupitia jamaa aliyekuwa akirudi na mzigo kutoka nje. Zipo za aina mbili. Moja ina utando usio na rangi, nyingine ina utando mweupe. Hapo ndipo penye mtego, na naomba atakayejaribu anisikilize vizuri.

Printa ya kawaida haina wino mweupe. Mahali palipo peupe kwenye picha huacha wazi, kwa kuwa inategemea weupe wa karatasi. Ukichapa njano kwenye utando usio na rangi, kisha ukaibandika juu ya rangi ya mabaka ya kijani na kahawia, njano yako inazama. Bendera yangu ya kwanza ilionekana kama doa la mafuta.

Dawa niliipata kwenye kazi yangu ya kila siku. Nilikata tundu la ukubwa wa bendera kwenye stika ya kawaida, nikaibandika kwenye mkia wa ndege, nikapuliza rangi nyeupe, nikabandua. Nikapata kipande cheupe safi. Juu yake ndipo nikateleza bendera iliyochapwa, na njano ikawaka.

Jambo la pili ni wino. Ukitumia printa ya wino wa maji, lazima uipulizie karatasi vanishi mara mbili tatu na kuiacha ikauke, la sivyo ukiichovya majini wino wote unaondoka. Printa ya leza haina taabu hiyo.

La tatu ni uso wa ndege. Rangi isiyong'aa ina vinyweleo usivyoviona kwa macho. Utando ukikaa juu yake hewa hubaki chini, na ikikauka unaona weupe kama ukungu. Kwanza paka vanishi ya kung'aa, halafu stika, halafu malizia na vanishi isiyong'aa. Utando ukigoma kulala kwenye kona, gusa kwa siki iliyochanganywa na maji ukitumia brashi, kisha ukandamize taratibu kwa pamba ya masikio. Povu likibaki, litoboe kwa ncha ya sindano.

Nilitumia jioni tisa. Stika nilizoharibu ni nyingi kuliko zilizokaa.

Swali la watoto wa Dzaleka

Kabla ya kubandika alama nilimpelekea Mzee ndege ikiwa imepakwa rangi tu, aikague. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee Dzaleka, na yeye alikuwa mmoja wa waliorejea.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu wapatao 10,000 au zaidi kidogo. Leo wako zaidi ya 50,000, wengi wakiwa Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Ukishuka pale Kiswahili kinakupokea kabla ya Kichewa.

Tulikaa nje ya nyumba yake ya matofali, ndege ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Haikuchukua dakika tano watoto wakajaa. Watoto hawa wanajua magari ya waya ambayo hapa huitwa galimoto, lakini hii ilikuwa nyingine. Mmoja wao, mvulana wa miaka kumi hivi ambaye familia yake ilitoka Kivu, aliizunguka, akainama kuangalia chini ya mabawa.

"Ni ya nani?" aliuliza.

Nilidhani anamuuliza mwenye mali. Nikamwonyesha Mzee.

"Hapana," akasema. "Ni ya jeshi ya nani?"

Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele pembeni alidakia bila kuinua macho. Alisema kwao ukisikia mlio, unatoka kwanza nje kuangalia. Ikiwa nyeupe na ina herufi za UN, unaendelea na kazi zako. Ikiwa na rangi nyingine, unaita watoto. Ikiwa haina alama, hungoji mtu.

Malawi, Tanzania na Afrika Kusini ndizo zilizotoa askari wa ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa Kivu mwaka 2013. Kwa hiyo pale kambini suala la ndege ya nani si geni. Wapo wenye ndugu waliookolewa na helikopta, na wapo waliopoteza nyumba kwa bomu lililotoka juu.

Ubishi juu ya bendera

Wiki iliyofuata nilirudi na ndege ikiwa imekamilika. Sasa maneno yakaanza.

Kijana mmoja wa jirani alipoona ule mwenge kwenye mkia alikasirika waziwazi. Alisema hiyo ni bendera ya Mobutu, ya watu waliokula nchi mpaka ikafika hapa ilipofika. Kwa nini Mzee asiweke bendera ya Kongo ya leo, ile ya buluu yenye nyota ya njano na mstari mwekundu, iliyoanza mwaka 2006? Nchi ya Zaire haipo tena. Atawafundisha nini wajukuu?

Nilifikiri Mzee atafoka. Alimwacha kijana amalize.

"Papa, nakuheshimu," kijana akaongeza, "lakini ile haikuwa nchi nzuri."

"Sikusema ilikuwa nzuri," Mzee akamjibu. "Nilisema ndiko nilitumika. Nikiweka hii ya leo, nitakuwa nasema uongo kwa bana-bangu. Mirage haikuruka na bendera hii. Kama unataka kuwaeleza ubaya wa Mobutu, uje na miye Lubumbashi, tutawaeleza wote wawili."

Watu wakacheka, na kijana naye akatabasamu kidogo. Lakini hakukubali, na mimi sikuona sababu ya kumlazimisha akubali. Naandika hapa kwa sababu wote wawili walikuwa na hoja. Mmoja aliiangalia alama kama sifa. Mwingine aliiangalia kama kumbukumbu ya mahali alipokuwa siku zile.

Kwa fundi, naona jibu ni la Mzee. Ukiisafisha historia kwa stika ukaweka alama isiyowahi kuwepo, mtoto wa kesho atauliza "ni ya nani?" na atapewa jibu la uongo.

Nililazimika kuukumbuka msimamo huo haraka. Ndege ya Mzee ilipokuwa ikikaukia mezani kwangu Area 23, wateja Wamalawi waliipenda, na wawili waliniomba niwatengenezee "ile ya Chilima". Walimaanisha Dornier 228 ya jeshi la Malawi, iliyoanguka katika msitu wa Chikangawa tarehe 10 Juni, 2024, ikaua Makamu wa Rais Saulos Chilima na wote waliokuwa naye. Fedha zilikuwa mkononi. Niliwaambia sitaanza mpaka nipate picha za kutosha za kila upande, na mpaka nijue wanaitaka kwa ajili gani. Mmoja alitaka kuiuza barabarani kama mdoli. Huyo nilimkatalia. Mwingine alisema ni ya kuweka sebuleni kwa mama yake, aliyelia wiki nzima. Huyo bado tunakusanya picha.

Kwa wanaovuka mipaka na wanaorudi

Najua wasomaji wangu. Mmeshaanza kujiuliza kama kuna hela.

Ukweli ni kwamba ndege za kivita peke yake hazitakulisha hapa. Wanaozinunua ni wachache. Lakini ujuzi wa stika ya maji unaingia kwenye mambo mengi: majina kwenye vikombe na vigae, namba kwenye helmeti, maandishi kwenye magari ya kuchonga ya mbao, alama kwenye galimoto za kuuzia wageni. Tamasha la Tumaini, ambalo limekuwa likifanyika Dzaleka tangu mwaka 2014, huleta wageni wengi wanaotafuta kitu chepesi cha kubeba. Basi dogo la mbao lenye jina la njia yake halisi linauzika haraka kuliko lisilo na jina.

Mzigo wenyewe ni mwepesi. Karatasi za A4 zinaingia ndani ya bahasha, na ukurasa mmoja unatoa alama za vitu vingi. Adui yake ni unyevu na jua. Zifunge kwenye nailoni, uziweke katikati ya daftari gumu, na usizitupe juu ya dashibodi ya lori. Usinunue nyingi kwa mkupuo, maana zikikaa miaka zinakakamaa kama zile za Ubelgiji.

Mpakani, kitu chochote chenye sura ya kijeshi kitaulizwa, hata kama kinatosha kiganjani. Usikifiche. Kiweke juu ya mzigo, ukifungue mwenyewe, ueleze ni mfano wa plastiki. Ukikificha chini ya nguo kikaonekana kwa kupekuliwa, maelezo yanakuwa marefu.

Na kwa anayerudi kwao: beba kitu kimoja kinachosema ulikuwa nani kabla ya kambi. Si lazima iwe ndege. Wengi wetu tukirudi tunabeba magodoro na sufuria, ambavyo ni lazima, lakini havina cha kuwasimulia watoto.

Mwisho wa safari

Mzee aliondoka kupitia Mchinji, akashika njia ya Chipata, Lusaka hadi Kasumbalesa. Ndege ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, imezungushiwa pamba. Nilimpa na bahasha yenye stika za akiba, pamoja na maelekezo niliyoyaandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake.

Siku ya sita binti yake alinitumia picha kwa simu. Ndege ilikuwa juu ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufumwa. Mrija mwembamba wa puani ulikuwa umekatika njiani. Bendera zilikuwa salama.

Mzee alinipigia jioni. Aliniambia pale mpakani afisa mmoja kijana alilifungua kopo, akaitoa ndege, akaigeuza. Hakuuliza habari ya silaha wala ushuru. Alinyoosha kidole kwenye mkia, akauliza hiyo ni bendera ya nchi gani, maana hakuwahi kuiona. Mzee alisimama pale akamweleza mpaka waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaanza kulalamika.

Kisha akaniambia shida yake mpya. Wajukuu ni wanne na ndege ni moja. Ananiomba nikipita tena kwenye kaunjika za Lilongwe nitazame vizuri kwenye midoli. Boksi likiwa na alama za Ubelgiji, si neno. Ninunue tu.